Kibodi isiyo na waya kwenye Linux Mint: ilivyonisumbua na ilivyotulia

Kibodi yenyewe ni nzuri. Natanguliza hilo kwa sababu mengi yanayofuata ni malalamiko, na sitaki mtu aishie njiani. Vitufe vyake ni laini, havipigi kelele usiku watoto wakiwa wamelala. Inatumia betri mbili ndogo za AAA na ina njia mbili za kuunganishwa: kipokezi kidogo cha USB kinachotumia mawimbi ya 2.4 GHz, au Bluetooth. Niliinunua mjini, upande wa Digo Road, kwa ajili ya kazi yangu ya kutafsiri na kuchapa hati hapa Kisauni, Mombasa. Laptopu yangu inatumia Linux Mint, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows.

Shida ilianzia kwenye kipokezi. Naandika "mkataba", kwenye kioo inatokea "mkatabaaaaaaa", kisha kimya, kisha herufi kadhaa zinamwagika kwa pamoja. Mteja akiwa amekaa pembeni yako anangoja hati ya kiapo aiwahishe mahakamani, hilo si jambo dogo. Fundi mmoja niliyemwonyesha akaniambia, "Kaka, Linux na vitu vya bila waya haviivi chungu kimoja. Rudi tu Windows." Sikukubaliana naye, na hadi leo sikubaliani.

Herufi kujirudia namna ile kuna sababu yake. Kibodi hutuma habari mbili: kitufe kimebonyezwa, kitufe kimeachiliwa. Ile ya pili ikipotea njiani, kompyuta huamini kidole bado kiko pale pale na kuendelea kuandika. Kwa hiyo mawimbi yalikuwa yanapotea hewani. Nikatazama ubavuni mwa laptopu: kipokezi kimechomekwa kwenye tundu la buluu, la USB 3.0, na jirani yake ni diski ya nje ninayohifadhia kazi. Kampuni ya Intel ilikwisha eleza tangu 2012 kwamba vifaa vya USB 3.0 vikiwa kazini hutoa kelele za redio zinazoangukia humo humo kwenye 2.4 GHz. Nikakihamishia kipokezi upande wa pili, kwenye waya mfupi wa USB 2.0 wa kurefushia, kikakaa mezani karibu na kibodi. Ikatulia papo hapo. Sasa hata diski ikinakili mafaili makubwa, hakuna herufi inayoruka. Na kelele hizo zingekuwepo hata kwenye Windows, basi Linux ilikuwa inasingiziwa.

Bluetooth ilikuwa na visa vyake. Kwenye dirisha la mipangilio kibodi inaonekana, unabonyeza kuunganisha, inashika, inaachia. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika bluetoothctl, na huko mambo yakaonekana wazi. Unaanza na scan on mpaka anwani ya kibodi itokee, halafu pair (kuoanisha), trust (kuamini) na connect (kuunganisha), kila moja ikifuatwa na anwani hiyo. Kwenye kuoanisha kunaweza kutokea tarakimu sita kwenye kioo. Unatakiwa uziandike kwenye kibodi mpya yenyewe, ingawa huoni unachoandika, kisha ubonyeze Enter. Hapo ndipo watu wanapokwama, wanaziandika kwenye kibodi ya laptopu na kusubiri. Trust nayo usiiruke. Bila hiyo, kesho ukiwasha kompyuta kibodi inabisha hodi na hakuna wa kuifungulia. Kama Bluetooth haionekani kabisa, andika kwanza rfkill list. Huenda imezimwa tu, na rfkill unblock bluetooth itaiwasha.

Kilichonichosha zaidi ni kukatika baada ya kimya. Nasimama kusoma aya ndefu kabla ya kuitafsiri, nikirudi kuandika, maneno ya mwanzo yanamezwa. Kibodi nayo hulala ili kutunza betri, na kitufe cha kwanza kikipotea katika kuiamsha nakivumilia. Lakini sentensi nusu? Mkosaji alikuwa mpango wa kuokoa umeme, ambao huilaza adapta ya Bluetooth isipotumika. Nikaweka faili dogo lenye mwisho wa .conf ndani ya /etc/modprobe.d, mstari mmoja tu: options btusb enable_autosuspend=n. Nikawasha upya, basi. Anayetumia TLP, programu ya kuokoa umeme, aandike USB_EXCLUDE_BTUSB=1 kwenye mipangilio yake.

Hili ndilo ninalolipenda kwenye mfumo huria, na nalipenda kwa dhati: haukufichi. Andika sudo dmesg -w, chomoa kipokezi, chomeka tena, na kila hatua unaisoma mbele ya macho yako.

Kwa sisi wa pwani, fungua kifuniko cha betri mara moja moja. Hewa ya chumvi huotesha kutu ya kijani kwenye vyuma vya ndani. Toa betri, pamba yenye siki kidogo inaitoa, kisha pangusa kwa spiriti.

Jambo moja la kujua kabla ya kununua. Diski yangu nimeifunga kwa nywila kwa kuwa nahifadhi hati za watu, na nywila hiyo huulizwa kabla Bluetooth haijaamka. Kibodi ikiwa kwenye Bluetooth, hapo haiandiki kitu. Kwa kipokezi inaandika, maana kompyuta hukiona kama kibodi ya kawaida ya USB. Laptopu ina kibodi yake ya kuokoa hali, lakini mwenye kompyuta ya mezani atabaki anakodolea macho kioo. Chukua yenye njia zote mbili. Ya Bluetooth peke yake singeinunua kwa kazi hii, hata kwa nusu bei.