Uzoefu wangu Museum of Fine Arts, Boston: anzia kwenye mtungi wa Dave

Ukiwa Boston, hata kama ni wa kupita tu, tenga nusu siku uende Museum of Fine Arts. Ukishaingia, waache wengine wakimbilie picha za Wafaransa, wewe shika njia ya jengo la Sanaa za Amerika lililofunguliwa mwaka 2010. Lina kumbi 53 katika ghorofa nne, na humo makabati, birika, viti na mitungi vimewekwa kwa heshima ileile wanayopewa wachoraji wakubwa.

Kilichonishika mimi ni mtungi mmoja. Ni mkubwa, wa udongo uliochomwa kwa moto mkali, rangi yake kahawia iliyochanganyika na kijani. Mfinyanzi wake ni David Drake, aliyeitwa Dave, mtumwa wa Edgefield, South Carolina. Sogea karibu uangalie chini kidogo ya mdomo wa mtungi. Udongo ukiwa bado mbichi, alichora mistari miwili yenye vina, akisema kwamba mtungi huu ameufinyanga kwa pesa taslimu, ingawa pesa huitwa takataka. Mwaka ni 1857. Pesa hiyo ilikuwa ya bwana wake. Na tangu 1834 sheria ya South Carolina ilikataza mtumwa kufundishwa kusoma na kuandika, lakini Dave aliandika mashairi, akaweka tarehe, akatia na jina lake, kwenye vyombo vilivyokwenda kuuzwa hadharani. Kwenye mtungi mwingine wa mwaka huohuo aliuliza jamaa zake wote wako wapi. Sisi tuliozoea kusoma jina la kanga kabla ya kutazama maua yake tunamwelewa upesi mtu huyu. Nilisimama pale hadi miguu ikauma.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba mwaka 2025 makumbusho yaliitambua haki ya wazao wa Drake juu ya mitungi yake miwili, na huu wenye shairi yakaununua upya kutoka kwao. Hivyo ndivyo inavyopasa.

Kwenye ghorofa ya karne ya 18 kuna bakuli la fedha lililotengenezwa na sonara wa Boston, Paul Revere, mwaka 1768. Liliagizwa na wanaharakati 15 wa Boston kuwaenzi wabunge 92 wa Massachusetts waliokataa amri ya mfalme wa Uingereza, na majina ya hao 15 yamenakshiwa kuzunguka ukingo. Makumbusho yalilinunua mwaka 1949, baadhi ya pesa zikiwa michango ya watoto wa shule. Karibu nalo kuna picha ya Revere mwenyewe iliyochorwa na John Singleton Copley: sonara amevaa shati tu, bila koti, birika mkononi, vifaa vyake vya kuchongea mezani. Ni mtu wa kazi na anaonekana hivyo.

Samani ni nyingi mno, na kwa kweli baada ya kabati la tano niliongeza mwendo. Ila ukiona mbao zinazong'aa, kumbuka kwamba katika karne ya 19 merikebu za Salem, mji wa jirani, zilibeba sandarusi, yaani utomvu mgumu wa miti, kutoka Zanzibar, na hiyo sandarusi ndiyo iliyotengenezewa vanishi huku.

Makumbusho haya pia ndiyo yanayotunza mfarishi (tandiko la vitambaa vilivyoshonwa pamoja) wa Harriet Powers, mwanamke wa Georgia aliyezaliwa utumwani mwaka 1837. Aliushona kati ya 1895 na 1898, vipande 15 vyenye picha za vitambaa: visa vya Biblia, pamoja na usiku wa mwaka 1833 ambapo vimondo vilianguka kama mvua. Nyota zimekatwa moja moja, na mishono ya mkono inaonekana wazi. Nilibahatika kuuona kwenye maonyesho ya mifarishi ya 2021, ukiwa pamoja na ule mwingine wake unaotunzwa Washington. Vitambaa hufifia kwa mwanga, kwa hiyo hauwekwi nje muda wote. Tazama kwenye tovuti yao kabla hujafunga safari.

Nyota tano kutoka kwangu. Tiketi si rahisi, lakini maktaba nyingi za miji ya Massachusetts zina pasi za kupunguza bei, kwa hiyo anzia hapo. Usiende Jumanne, hufungwa. Treni ya Green Line, tawi la E, inakushusha mlangoni.