TAHADHARI: Prado yenye "mita ya kisasa", kilomita zake si za kweli

Ndugu zangu mnaotafuta gari kipindi hiki, someni hii kabla hamjatoa hela.

Kuna yadi hapa Dar inauza Prado ya 2006, dizeli, injini ya 1KD, bado haijasajiliwa. Dalali anaisifia kwa "mita ya kisasa": mishale imeng'olewa, imefungwa skrini nzima ya dijitali. Kilomita zinasoma 74,812. Shemeji yangu alishajiandaa kulipa advansi, akaniomba nikamwangalizie.

Nilipofungua mlango wa dereva, kwenye nguzo palikuwa na stika ndogo ya Kijapani ya kubadilisha oili. Imefifia, lakini namba ya kilomita inasomeka: 186,400. Gari wamelisafisha hadi chini ya kapeti, stika wakaisahau. Raba ya pedali ya breki nayo imelika upande mmoja hadi chuma kinaonekana. Nikauliza mita ya asili iko wapi, nikajibiwa ilitupwa. Nikaomba karatasi ya mnada wa Japani, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari lilipouzwa kule. Muuzaji akageuka mkali, eti kama hatuna hela tuwaachie wenye nazo.

Skrini hizi za kufunga baadaye zipo ambazo fundi huingiza kilomita anazoambiwa na mwenye gari. Huu ni wizi, tena wa hatari. 1KD inatumia mkanda wa taimingi, ambao hubadilishwa kwa kufuata kilomita. Ukiamini 74,000 utasema mkanda bado una maisha. Ukikatika njiani, valvu zinagongana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine.

Wapo watakaosema, basi mimi nachukua ya mishale, haichezewi. Si kweli hata kidogo. Mshale unaonyesha spidi tu. Tazama kilomita zilipo: magari mengi ya Japani ya miaka ya 2000 kuja juu yana kidirisha cha dijitali palepale katikati ya mishale. Namba ile imehifadhiwa kwenye chipu ndogo nyuma ya dashibodi, na fundi mwenye laptop na kifaa chake anaiandika upya bila kuacha alama yoyote kwenye kioo. Mita za zamani za vigurudumu vya namba nazo zilirudishwa nyuma, ila huko mara nyingi utakuta namba zimepinda, hazikai mstari mmoja.

Kwa hiyo msibishane na dashibodi, tafuteni maandishi. Chukua namba ya chasisi kwenye gari lenyewe, si ya kutumiwa kwenye simu, kisha uagize mwenyewe nakala ya karatasi ya mnada. Ya mkononi mwa muuzaji inaweza kuwa ya kughushi. Mkaguzi wa mnada huandika kilomita alizozikuta, na gari linaloshukiwa kuchezewa mita mara nyingi huwekewa alama ya nyota pembeni ya kilomita. Omba pia cheti cha Japani cha kulisafirisha gari nje, kwani mara nyingi kina kilomita za ukaguzi uliopita. Zikizidi zile za kwenye dashibodi, ondoka.

Prado hiyo ni rangi ya fedha, na hadi jana ilikuwa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, ile 74,812 ikiwa imezungushiwa duara jekundu. Ukitumiwa tangazo lake, mtumie na mwenzako ujumbe huu.