Mti wa Krismasi: Halisi au wa Plastiki? Tazama Kabla Hujanunua

Karibuni watazamaji. Hapa mezani kuna matawi matatu: moja la mti halisi, mawili ya plastiki. Tuanze na ya plastiki, maana hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganywa.

Hili la kushoto ni la PVC. Ni karatasi ya plastiki iliyokatwa nyuzinyuzi, ikasokotwa kwenye waya. Nikipitisha mkono kinyume, sindano, yaani majani yake membamba, zinalala, na chache zimebaki kiganjani, mnaziona. Hili la kulia ni la PE, yaani plastiki iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu. Kila sindano ina unene wake, na hata kijiti chake ni cha kahawia. Miti mingi mizuri ina PE kwenye ncha za nje na PVC ndani, karibu na nguzo, kusikofika jicho. Hilo halina ubaya. Ubaya ni boksi kuandikwa PE kwa herufi kubwa kumbe ni ncha chache tu, kwa hiyo uliza asilimia. Na usinunue kwa kuhesabu ncha: ncha 1,000 za PVC nyembamba hazijazi mti kama ncha 700 za PE.

Chagua stendi ya chuma. Matawi ya bawaba hushuka yenyewe ukiusimamisha mti. Ya ndoano unayapachika moja moja. Vyovyote vile, yafungue kuanzia chini, kutoka ndani kwenda nje, ncha moja kulia, moja kushoto, moja juu. Ukiharakisha hapa, hata mti wa bei kubwa utaonekana kama brashi ya chupa. Taa zilizofungwa kiwandani mimi sizipendekezi. Taa huchoka kabla ya matawi, na kuzifumua ni kazi ya siku nzima.

Sasa mti halisi. Shika tawi, livute taratibu kuelekea kwako. Sindano za kijani zikikujaa mkononi, uache. Zile za kahawia zinazodondoka kutoka ndani ni majani ya zamani, zisikutishe. Mti wa aina ya Nordmann hushikilia sindano zake muda mrefu; aina nyingine, msprusi wa Norwei, hupukutika mapema kwenye chumba chenye joto.

Kinachoua mti halisi ni hiki hapa, kwenye kitako cha shina. Mnauona huu utando unaong'aa? Ni utomvu uliokauka ukaziba njia za maji. Ukiusimamisha mti hivi, stendi itajaa maji na mti utakauka huku umesimama ndani yake. Kata kipande cha sm 2 hadi 3, kwa msumeno, mkato ulionyooka, kisha uingize majini mara moja, kwa sababu baada ya saa chache utomvu utaziba tena. Kama shina haliingii kwenye stendi, badilisha stendi. Usilichonge pembeni! Maji hupita zaidi kwenye tabaka za nje za mti, chini tu ya gamba, na hizo ndizo unazozitupa. Kutoboa shimo katikati hakusaidii kitu.

Kadiria lita 1 kwa siku kwa kila sm 2.5 za kipenyo cha shina. Shina la sm 10 linataka stendi ya lita 4, na siku ya kwanza chungulia mara kwa mara. Maji matupu yanatosha. Sukari na aspirini ambazo wengine hutia majini, waachie wenyewe. Mti uliokauka hushika moto ndani ya sekunde chache, basi uweke mbali na hita na mishumaa. Wa plastiki nao utafute wenye alama ya kuchelewesha moto, ingawa nao huungua.

Kuhusu mazingira, shirika la Carbon Trust la Uingereza lilikadiria kilo 40 za hewa ya ukaa kwa mti wa plastiki wa mita 2. Mti halisi wa kimo hicho ni kilo 3.5 ukisagwa au kuchomwa, na kilo 16 ukiishia jalalani. Kwa hesabu hiyo, ukilinganishwa na halisi unaosagwa au kuchomwa, wa plastiki unalipa ukiutumia Krismasi 12 hivi. Una pakavu pa kuutunza miaka yote hiyo? Chukua wenye PE nyingi. Huna, na utakumbuka kumwagilia kila siku? Chukua halisi.

Vyovyote utakavyoamua, pima dari kwanza, utoe sm 30 za nyota na stendi.