The Big Bang Theory: uhondo wa miaka kumi na miwili, halafu wameukata kabla ya Stockholm

Naandika nikiwa na hasira na sitaki kusubiri zipoe, kwa sababu zikipoa nitaanza kuwatetea watu wasiostahili kutetewa.

King'amuzi ninacholipia, na jina la kampuni siliandiki hapa, kilikuwa kinaonyesha The Big Bang Theory, komedi ya Marekani ya marafiki wanasayansi, jioni baada ya chakula. Tumeifuata nyumbani kwangu, mimi na mwanangu, msimu kwa msimu, mpaka tukafika ukingoni kabisa. Simu ya tuzo ya Nobel imeshapigwa, Sheldon na mkewe Amy wameshinda, Sheldon amevurugwa na mabadiliko yote yanayomjia kwa mkupuo, imebaki safari ya Stockholm tu, kwenda kuipokea. Kesho yake tukakaa mapema. Saa ikafika, kikaingia kipindi cha mapishi. Tukasema labda ratiba imeteleza, tukangoja. Siku iliyofuata mapishi tena. Hakuna tangazo, hakuna maandishi yanayopita chini ya kioo kuomba radhi. Imeondolewa, basi.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu akapokea kijana mmoja. Nikamsalimia vizuri, nikamweleza. Akaniambia, "Mama, hivyo si vichekesho tu vya wazungu? Hamia chaneli ya tamthilia za Kituruki, saa hiyohiyo kuna nzuri kweli." Nikamwambia, mwanangu, kimebaki kipande kimoja cha hadithi iliyochukua miaka kumi na miwili, na mimi nimelipia kifurushi cha mwezi mzima. Akacheka. Kisha, akidhani amenizimia sauti, nikamsikia anamwambia mwenzake, "Kuna mmama huku analilia komedi." Wakacheka wote wawili.

Nilikata simu mikono inatetemeka. Tangu siku hiyo kila kitu cha hiyo kampuni kinanikera: rimoti yao, meseji zao za "mteja wetu mpendwa", hata ile taa nyekundu inayowaka usiku.

Sasa niseme nilikuwa nalilia nini.

Mwanangu yuko kidato cha pili. Jedwali la elementi analijua lote, lakini shikamoo inamshinda. Anaijua, ila mgeni akiingia anatazama ukuta, na neno linatoka likiwa limechelewa, mtu ameshakaa na ameshakasirika. Hali wali uliogusana na mchuzi. Ana kiti chake dirishani, na mtu akikikalia anasimama pembeni yake bila kusema kitu mpaka ahame. Kwa ndugu zangu hayo ni malezi mabaya. "Umemdekeza," wananiambia. "Ana kiburi." Nimeyasikia kwenye misiba na nimeyasikia kwenye harusi.

Halafu jioni moja akatokea Sheldon Cooper kwenye kioo, mwanafizikia wa Pasadena, California, anamweleza msichana wa nyumba ya jirani kwa nini pale kwenye kochi ni pake: wakati wa baridi pako karibu na kipasha joto lakini si karibu mno, wakati wa joto upepo unapita katikati ya madirisha, na televisheni inaonekana kwa pembe inayofaa. Mwanangu aliacha kula. Hakucheka. Alisikiliza hoja zile moja moja kama mtu anayesomewa hukumu ya kumwachia huru, kisha akaniambia, "Ana sababu."

Ndiyo. Ana sababu. Sikuwahi kumuuliza mwanangu sababu ya kile kiti, na tangu siku ile namuuliza.

Sitawaeleza nani katengeneza, wala chaneli gani ya Marekani. Hayo yapo kila mahali. Ninachotaka mjue ni kwamba waliofanya kazi ile waliiheshimu sayansi, na mtoto anayependa sayansi anaigundua heshima hiyo haraka. Zile hesabu kwenye mbao nyeupe sebuleni kwao hazikuwa mapambo. Alikuwapo mwanafizikia kweli, David Saltzberg wa chuo kikuu cha UCLA, aliyezikagua na kuwashauri waandishi. Mwanangu alikuwa ananiambia nisimamishe picha, ananakili anachoweza, anampelekea mwalimu wake wa fizikia. Na Amy, yule mtaalamu wa ubongo, anaigizwa na Mayim Bialik, ambaye mwenyewe ana shahada ya udaktari ya sayansi ya ubongo, aliipata hapohapo UCLA mwaka 2007. Mimi nafanya kazi maabara ya shule. Wasichana wangu wa kidato cha tatu walipojua hilo walinyamaza kidogo, kisha mmoja akauliza kama mtu anaruhusiwa kufanya vyote viwili. Kwa swali hilo peke yake nilikuwa tayari kuipa nyota zote.

Lakini uhondo wenyewe hauko kwenye fizikia. Uko kwenye kile kipande cha Krismasi cha msimu wa pili. Sheldon anachukia zawadi, maana ukipewa unadaiwa, na yeye hajui kupima deni. Basi ananunua vikapu vya vitu vya kuogea vya bei tofautitofauti ili akishaona zawadi ya Penny, yule msichana jirani, amrudishie inayolingana nayo. Penny anampa kitambaa cha mgahawani, kimesainiwa na Leonard Nimoy, Spock mwenyewe wa Star Trek, na amejifutia mdomo. Sheldon anapagawa. Anakimbia chumbani, anarudi na vikapu vyote, na bado anaona havitoshi. Mwisho anamkumbatia Penny, mkono mmoja huku, mwingine hajui auweke wapi. Watu wengi hucheka pale. Mimi nililia, kwa sababu nakijua hicho kikumbatio, nimeshapewa, na najua kinagharimu nini kwa mtu anayekitoa.

Na kuna kile cha friji la mama yake Howard, rafiki wa Sheldon. Yule mama tulikuwa tunamsikia tu akipiga kelele kutoka chumba kingine. Carol Ann Susi aliyempa sauti alifariki Novemba 2014, nao hawakutafuta sauti ya mtu mwingine, wakaiacha hadithi imzike. Baadaye umeme unakatika nyumbani kwake, na ndani ya friji kuna chakula cha mwisho alichokipika. Kikiyeyuka kitaharibika. Wanakaa mezani wote wanakila. Mtu yeyote aliyewahi kukatikiwa umeme na friji limejaa anaelewa wasiwasi ule, na aliyewahi kufiwa na mama anaelewa zaidi. Yule kijana wa simu aje aniambie hivyo ni vichekesho tu.

Ila hasira zikiwa zimeshawaka haziangalii mlango mmoja, na nikikaa kuifikiria tamthilia yenyewe nayo ina mambo yake. Sipendi walivyomfanyia Raj, rafiki yao mwingine. Mhindi, msomi wa anga za mbali, kwa misimu sita hawezi kutoa neno mbele ya mwanamke bila kunywa pombe, na kicheko kinajengwa juu ya lafudhi yake na woga wake. Sipendi Howard wa misimu ya mwanzo, anavyomfuatafuata Penny kwa maneno ambayo mwanamume akiyasema maabara kwangu namtoa nje, halafu watazamaji wanacheka kama vile ni utundu wa mtoto. Na Penny mwenyewe! Misimu yote ile hawakumpa hata jina la ukoo la kwao.

Kibaya zaidi ni kile kicheko cha ukumbini. Walikuwa wanarekodi mbele ya watu, kule Burbank, kwa hiyo kicheko ni cha watu kweli, hilo naliheshimu. Lakini mara kadhaa Sheldon anasema kitu cha kawaida kabisa, kitu cha kweli, na ukumbi unalipuka. Siku moja mwanangu akanigeukia akauliza, "Mama, wanacheka nini?" Sikuwa na jibu zuri. Alichosema Sheldon ndicho ambacho na yeye angesema. Nilizima televisheni usiku ule, na nikawa nimeamua kwamba hii kitu haifai, wanawaweka watoto wetu jukwaani ili waonekane vituko. Kwa muda nilikuwa naishusha mpaka nyota mbili.

Aliyeirudisha ni yeye mwenyewe. Kesho yake alitaka kuendelea. Nilimuuliza haoni vibaya wanavyomcheka. Akasema rafiki zake hawamcheki, wanaocheka ni wale wasioonekana. Leonard, rafiki anayeishi naye, anapanda ngazi pamoja naye kila siku, maana lifti ni mbovu, na iliharibika siku Sheldon alipomwokoa Leonard na mafuta ya roketi aliyokuwa amekosea kuyachanganya. Hakumsema kwa mtu. Mwanangu alinieleza hivyo, tena kwa mpangilio. Basi nikaona hukumu yangu ya usiku haikuwa ya haki, ingawa kuhusu Raj siibadilishi.

Kipande cha Stockholm tumekipata hatimaye kwa mtoto wa dada yangu, mwenye diski za msimu wa mwisho. Sheldon anawaudhi wenzake kwa ubinafsi wake hadi wanakaribia kurudi nyumbani. Kisha jukwaani anaiweka pembeni hotuba aliyoiandaa, anawaomba rafiki zake wasimame ukumbini mmoja mmoja, na anawaambia anawapenda kwa namna yake. Hawakumgeuza mtu mwingine ili apewe nafasi hiyo. Bado hali kila kitu, bado ana kiti chake, bado anawachosha, na wamesimama. Nimetafuta sana tamthilia ya kwetu au ya nje inayomwambia hivyo mtoto kama wangu, na sijaiona nyingine. Nyota tano. Nne na nusu, kwa sababu Raj alienda kwenye sherehe ile bila mchumba, na baada ya misimu kumi na miwili wangeweza kumfanyia jambo.

King'amuzi siwapi hata moja. Ukiamua kuonyesha hadithi ndefu kiasi kile, maliza, au watangazie watu wajipange. Na mkiwaajiri vijana wa kupokea simu, wafundisheni kwamba aliyepiga ana sababu yake hata kama hawaijui. Kuna ndugu yangu aliyeniambia labda ni mkataba wa kuonyesha ndio uliisha, kijana yule hana kosa. Inawezekana, na pengine kwa hilo la ratiba ningewasamehe. Kucheka kule siwasamehi. Kifurushi kimeisha wiki hii na sijakilipia. Nyie wenye king'amuzi kingine kinachoirudia kuanzia msimu wa kwanza, niandikieni ni kipi na kifurushi gani, kwa sababu kuna mtu hapa ndani anataka kuanza upya na ameshaandaa daftari.