libbsd: nyota nne ukiwa Linux, Windows usiitegemee

Ukitoa programu ya C kwenye OpenBSD, mmoja wa mifumo endeshi ya familia ya BSD, ukaipeleka kwenye Linux ya zamani kidogo, mara nyingi kitu cha kwanza kukugomea ni `strlcpy`, fankisheni ya kunakili maandishi bila kuvuka ukubwa wa bafa (eneo la kumbukumbu ulilolitenga). Kompaila inanung'unika kidogo, faili zinatoka, halafu kwenye hatua ya kuunganisha unaambiwa jina hilo halijulikani. Dawa iliyozoeleka ni libbsd, maktaba inayoleta Linux fankisheni ambazo watu wa BSD wamezizoea. Nimeitumia kuhamisha kiprogramu changu cha kuchambua faili za logi, na kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo.

`strlcpy` na mwenzake `strlcat`, ya kuongeza maandishi mwishoni mwa mengine, zilitoka OpenBSD mwaka 1998, kazi ya Todd Miller na Theo de Raadt. FreeBSD, NetBSD, Solaris na macOS zikazipokea. Wasimamizi wa glibc, maktaba ya C inayotumiwa na Linux nyingi, waligoma miaka na miaka, wakaja kuziingiza kwenye toleo la 2.38 mwaka 2023. Kipindi chote hicho kila mradi ulitembea na nakala yake mfukoni.

Anayeuliza `strncpy`, fankisheni ya kunakili iliyomo kwenye C ya kawaida, ina ubaya gani ajaribu hivi: atenge bafa ya baiti 8, anakili humo jina la siku, huku akiipa `strncpy` ukubwa uleule wa 8. "Ijumaa" inaingia, "Jumanne" nayo inaingia na sifuri yake ya mwisho, ile baiti inayoonyesha maandishi yameishia wapi. "Jumatatu" ina herufi 8 kamili. Zote zinaandikwa, sifuri inakosa pa kukaa, na `printf` ikija kusoma inapitiliza kwenye kumbukumbu isiyoihusu. Aliyefanya majaribio yake siku ya Ijumaa ataapa programu ni nzima. `strlcpy` inaandika "Jumatat", inafunga na sifuri, kisha inarudisha 8, yaani urefu wa neno zima. Jibu likilingana na ukubwa wa bafa au likizidi, ujue neno limekatwa.

Wale wa glibc waliogoma nao hawakuwa wajinga. Njia ya faili ikikatwa kimyakimya inakuwa njia ya faili jingine, na wengi hawaangalii jibu lililorudishwa. Tena, kwa kuwa lazima `strlcpy` ihesabu urefu wote wa chanzo, ukiipa chanzo kisicho na sifuri mwishoni itasoma hadi porini.

Turudi kwenye libbsd yenyewe. Unaweza kuandika `#include <bsd/string.h>` na kuunganisha kwa `-lbsd`. Ila utamu wake uko kwenye `libbsd-overlay`. Ukiiomba kupitia pkg-config, chombo kinachoielekeza kompaila maktaba zilipo, `<string.h>` yako ya kawaida inapatikana kwanza kwenye folda ya bsd, nayo inaita ile ya mfumo kisha inaongeza zake. Msimbo uliotoka BSD haubadilishwi hata mstari mmoja. Hapo ndipo nyota tatu zilipotoka.

Nyota ya nne ni ya `strtonum`. Unaipa maandishi, kima cha chini na kima cha juu, inakupa namba au sababu ya kukataa. Aliyewahi kugeuza maandishi kuwa namba kwa njia ya kawaida, akihangaika na `strtol`, `errno` na pointa ya mwisho, ataelewa kwa nini sitaki kurudi kule.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya `setproctitle`, inayobadilisha jina la programu linaloonekana kwenye orodha ya zinazoendeshwa. Kwenye BSD unaiita tu. Hapa lazima utangulize `setproctitle_init` mwanzoni mwa `main`, au uunganishe pia `libbsd-ctor`. Basi ile sifa ya kutogusa msimbo inaingia doa.

Usitarajie libbsd ikutatulie `strerror_r`, inayogeuza namba ya kosa kuwa maelezo. Kwenye BSD inarudisha namba, sifuri ikiwa mambo ni sawa. Ile ya GNU, iliyomo kwenye glibc, inarudisha pointa, na pengine bafa uliyoipa haikuguswa kabisa. Sharti linalouliza kama jibu si sifuri litakuwa kweli kila mara, na programu italalamikia kosa ambalo halipo. Hiyo utaifunga mwenyewe kwa `#ifdef`.

Kwa Windows, sahau. Huko `strcasecmp`, ya kulinganisha maneno bila kujali herufi kubwa na ndogo, inaitwa `_stricmp`, na `strcpy_s`, ya kunakili, ikikuta bafa ndogo, kwa kawaida inaiua programu nzima badala ya kukata neno. `strtok_s`, ya kukata maandishi vipande, ya Microsoft inachukua vigezo vitatu, ile ya C11 (kiwango cha lugha ya C cha 2011) vinne, kwa hiyo hata jina likifanana usiamini.

Kama unachohitaji ni `strlcpy` na `strlcat` tu, na mashine zako zina glibc 2.38 kwenda juu, usiongeze tegemezi. Acha hati ya ujenzi ikague kama zipo. Zikikosekana, chukua faili la `strlcpy.c` la OpenBSD, leseni yake ni ISC, yaani leseni huria isiyo na masharti mengi, na msimbo wake unasomeka mara moja ukaisha. Faili hilohilo, likirekebishwa kidogo, utalipeleka hadi Windows.