Nukta moja mgongoni: kiti cha Aeron cha mtumba kwa mtu wa sentimita 152

Nina urefu wa sentimita 152. Naanza na hilo kwa sababu kila nitakachokisifia hapa kinatokana na namba hiyo. Kama wewe una 180, kiti changu kitakutesa.

Kazi yangu ni kutafsiri na kuandika mazungumzo yaliyorekodiwa. Nafanyia nyumbani, Tabata, saa saba hadi nane kwa siku, na muda wote huo nimekaa. Nilianzia kwenye kiti cha plastiki, vile vyeupe vya shughuli. Malipo ya kwanza ya maana yalipoingia nikajinunulia kiti cha bosi. Mnakijua: cheusi, ngozi ya bandia inayong'aa, mgongo unaopita kichwa, mikono imevimba kama mikate ya boflo. Shilingi 290,000, Kariakoo. Muuzaji akaniangalia nilivyokaa, akasema, "Dada, hapo umeshakuwa mkurugenzi." Nikalainika, nikalipa.

Mkurugenzi mwenyewe miguu ilikuwa inaning'inia. Nikirudi nyuma mpaka mgongo uguse, ukingo wa kiti unanibana nyuma ya magoti, na saa moja haiishi vidole vya miguu vimekufa ganzi. Nikisogea mbele ili nyayo zifike chini, mgongo unabaki hewani. Basi nikawa nakaa pembeni mwa kiti kile kikubwa kama mwanafunzi aliyeitwa kwa mwalimu mkuu. Nikaweka mto nyuma. Jasho likaanza kunigandisha, nikatandika kanga. Mwaka wa pili joto na unyevu wa Dar vikafanya kazi yake: ngozi ikaanza kubanduka, maganda meusi kwenye gauni, kwenye sakafu, mdomoni mwa mtoto.

Halafu kikaanza kushuka chenyewe. Ndani ya ile nguzo ya katikati kuna gesi iliyobanwa, na mpira wa kuizuia ukichoka, kiti kinakushusha taratibu katikati ya sentensi. Fundi wa mtaani akaja na dawa ambayo kwa kweli niliipenda: akapasua kipande cha bomba la plastiki, lile la maji, akalivisha kwenye ule mtaimbo unaong'aa, kiti kikagoma kushuka. Elfu kumi tu. Tatizo ni kwamba kabla ya kukata alikaa yeye kupima. Kiti kikabaki palepale milele, kwa kimo cha fundi.

Siku hiyo nikachukua futikamba ya cherehani. Sijui kwa nini sikuwahi kuwaza hivyo kabla. Viatu tunaulizana namba, gauni tunapimwa mpaka shingo, lakini kiti cha kukalia kutwa nzima tunachagua kwa macho. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango, nyayo chini. Kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti: 38, na ndala ninazovaa nikifanya kazi, 40. Kutoka ukutani nilipoegemeza makalio mpaka nyuma ya goti: 43. Nikakigeukia kiti cha bosi. Kimo chake, baada ya lile bomba, 51. Kina cha kukalia, kutoka mgongo wa kiti mpaka ukingo wa mbele, 52. Yaani hata kingeshuka mpaka chini kabisa, kilikuwa kinanizidi urefu wa paja kwa sentimita tisa. Hakuna mto wa kutibu hilo. Bibi yangu alikuwa anakaa kwenye mbuzi akikuna nazi, magoti yamekunjika vizuri, nyayo zote chini, wala sikumsikia akilalamikia miguu. Mimi na kiti changu cha kuzunguka nilikuwa nalalamika kila jioni.

Nilizunguka maduka ya viti vipya wiki mbili. Vingi vilikuwa na kitu cha kuinua na kushusha, lakini ukivishusha mpaka mwisho bado ni 45 au 46, na kina hakibadiliki. Kila nikiuliza kama kuna kidogo zaidi naambiwa hiki kinamfaa mtu yeyote. Mtu yeyote huyo sijawahi kukutana naye.

Aeron nilikipata kwenye godauni la samani za mtumba upande wa Keko, kule kunakotengenezwa vitanda na makabati. Ni kiti cha kampuni ya Marekani ya Herman Miller, kilibuniwa na Bill Stumpf na Don Chadwick na kikatoka mwaka 1994. Hakina sponji wala ngozi. Unakalia wavu uliovutwa kwenye fremu, nyuma na chini. Mimi wavu haukunivuta. Kilichonivuta ni kwamba kinatengenezwa kwa saizi tatu: A, B na C. Kina cha kukalia hakirekebishiki hata kidogo, kwa hiyo walichofanya ni kutengeneza kiti kidogo, cha kati na kikubwa, kama viatu.

Mzee mwenye mali alikuwa na vitano vimejipanga mbele. Nikamwamkia, nikakaa cha kwanza. Nilizama kama mtoto kwenye beseni. Akacheka, akanishika mkono akaupeleka nyuma, juu kabisa ya mgongo wa kiti, kwenye ukingo kwa ndani. "Papasa hapo, binti yangu." Kuna vinundu vidogo vya plastiki. Vitatu ni C, viwili ni B, kimoja ni A. Hahitaji karatasi, wala taa. Vile vitano vyote vilikuwa na viwili au vitatu. B nilikikalia dakika kumi. Kwa mtu wa 160 na kitu nadhani kingetosha, ila mimi ukingo ulikuwa bado unanigusa nyuma ya goti. Nikamuuliza cha nundu moja hana? Akafikiri, akamwita kijana, wakaondoa meza tatu, kikatoka kule nyuma kimejaa vumbi na mkono mmoja umechubuka. Kimekaa muda mrefu, akasema, wateja wanakijaribu wanasema ni cha mtoto.

Nilikaa. Nyayo zote mbili chini. Vidole viwili vinapita kati ya ukingo na goti. Nilitaka kupiga kelele, ila bei ilikuwa bado haijasemwa, nikakunja uso.

Alianza 700,000, tukamalizana 560,000. Najua ni pesa nyingi kwa kitu cha mtumba. Kipya kingekuwa mara kadhaa ya hiyo. Kabla ya kulipa nilifanya mambo ambayo kiti cha bosi kilinifunza. Nilikipandisha juu kabisa nikakaa robo saa nikisoma ujumbe kwenye simu, kuona kama kitashuka. Nilikipindua nikatazama ile miguu mitano kama ina ufa. Nilipitisha kiganja kwenye wavu wote, hasa pale unapoingia kwenye fremu, kwa sababu ukichanika hapo fundi wa Keko hana la kufanya, haushoneki. Chini ya kiti kuna karatasi yenye tarehe ya kutengenezwa: changu ni 2011. Na nilijaribu kulala nyuma, kikakataa kabisa, nikadhani kimekufa. Kumbe aliyekitumia kabla yangu alikuwa mzito. Kuna kitasa cha kulegeza springi. Nilikizungusha, nikazungusha, nikazungusha mpaka kiwiko kikauma, ndipo kikanikubali kilo zangu 54.

Nyumbani furaha ilidumu mpaka nilipokisogeza mezani. Kiti sasa kiko 40, meza yangu ni 75. Mabega yakapanda mpaka masikioni, nachapa kama mtu anayepiga kinanda kilichotundikwa ukutani. Hili hakuna aliyewahi kuniambia: kiti kikikukaa sawa, meza inaanza kukuonyesha ubaya wake. Njia ziko mbili. Upandishe kiti uweke kitu cha kukanyagia, au ushushe meza. Nilimwita fundi seremala akakata miguu ya meza sentimita kumi na kuing'oa droo, maana mapaja na mikono ya kiti vilikuwa vinagonga droo. Alikuwa anaona uchungu kukata mninga mzuri vile. Elfu kumi na tano na soda. Viwiko sasa viko karibu sawa na meza, na kompyuta nimeipandisha juu ya kamusi mbili nene.

Jambo la pili ni magurudumu. Kiti kilizaliwa kwa ajili ya ofisi yenye zulia; kwenye vigae vya Tabata kinateleza, unakaa unajikuta umefika dirishani. Kuna magurudumu yenye mpira laini kwa sakafu ngumu, nimeyanunua Kariakoo. Pima shina, kile kichuma kinachoingia kwenye mguu wa kiti, kabla hujaenda. La kiti changu lilikuwa milimita 11, kama viti vingi vya ofisi, lakini nimeona pia ya 10, na hayo hayabadilishani.

Miezi minane sasa. Mgongo hauloi tena. Umeme ukikatika saa nane mchana na feni ikasimama, wavu unapitisha upepo wa dirishani, na kwa hilo peke yake ningelipa laki moja zaidi. Kitegemeo cha kiuno kinatelezeshwa juu na chini. Nimekiweka chini kuliko nilivyodhani, kwenye ule mbonyeo juu kidogo ya makalio. Ganzi imeisha. Kiuno bado kinauma nikikaa saa tatu bila kunyanyuka, na hapo kosa ni langu, kwa hiyo kila nusu saa naenda kuchungulia sufuria hata kama halijabandikwa.

Wapi hakifai? Ukizoea kukunja miguu juu ya kiti, kisahau, fremu pembeni ni ngumu na itakuambia. Hakina pa kuegemeza kichwa, kwa hiyo usingizi wa mchana utafute mkeka. Na hakina sura ya cheo. Mama mkwe alipokuja alikizunguka mara mbili, akauliza kama pesa yote ile nimenunulia wavu wa dagaa.

Kiti cha bosi kiko barazani, na bomba lake. Shemeji yangu, mtu wa 188, anakipenda, na juzi alijaribu changu akaamka magoti yamemfika kifuani, akitaka kujua kinapouzwa. Nimemwelekeza kwa yule mzee, nikamwambia asikae kwanza. Apapase nyuma ya mgongo, atafute vitatu.