Kamera ya Sony a6000 iliyotumika: miezi minane nayo Mji wa Kale, Mombasa

Bei kwanza, maana ndilo swali linalotangulia kila nikiitoa mkobani: shilingi 45,000, pamoja na lenzi yake ya zumu ya milimita 16-50 (16 huona eneo pana, 50 huvuta karibu), betri mbili na mkanda uliochakaa. Kamera yenyewe ilitoka mwaka 2014, kwa hivyo usiitarajie mambo ya leo. Mimi nilikuwa nikipiga kwa simu tu, na sikutaka kuingia mchezo huu na kamera ya laki mbili halafu nikachoka kabla ya Ramadhani nyingine.

Niliinunua duka moja la ghorofani hapa mjini. Muuzaji alikuwa na haraka ya kuandika risiti. Mimi nikawasha tochi ya simu. Hili shika hata ukisahau mengine yote: kwetu Pwani lenzi huota kuvu. Imulike kwa nyuma, ichungulie kwa upande. Ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani ya kioo, rudisha, hata ukipunguziwa bei. Ya kwanza niliyopewa ilikuwa nazo. Ya pili ilikuwa safi, ndiyo ninayotumia.

Uzito wake ni gramu 344 na betri na kadi ndani, bila lenzi. Kwangu hilo lina maana yake, kwani navaa buibui, na kamera naining'iniza chini ya mtandio bila mtu kujua kama ninayo. Wenzangu wenye zile kubwa za harusi wakipita barabara ya Ndia Kuu, kila duka la vinyago linawaita wageni. Mimi huitwa kununua mahamri.

Lakini ukishabonyeza, siri imekwisha. Kamera hii haina njia ya kupiga kimyakimya; hiyo imekuja na ndugu yake a6300. Hii inalia kwacha! na vichochoro vya Mji wa Kale vina kuta ndefu zilizokaribiana, sauti haina pa kukimbilia. Wiki ya kwanza, mwendo wa saa moja asubuhi, nilikuwa karibu na Msikiti wa Mandhry. Mzee mmoja anauza kahawa barazani, birika la shaba juu ya makaa, vikombe viwili mkononi anavigonganisha. Mvuke umepigwa na jua kwa nyuma. Nikabonyeza. Akageuka.

"Mwanangu, wapiga nini?"

"Sabalkheri, ami. Nakupiga wewe na birika lako."

"Basi ngoja nivae kofia."

Akaingia ndani, akatoka na kofia ya vito, akakaa wima, mikono juu ya magoti, tabasamu limefutika, kama yuko studio. Na kweli huko ndiko picha zetu zilikotoka. Miaka ya 90 pale Likoni kulikuwa na wapiga picha na vibanda vyao, mapazia yamechorwa meli na ndege, na mteja alisimama mbele yake amejipanga hasa. Watu wa umri wa ami wanajua picha ni kitu unachokiandalia, kisha unapewa chako mkononi. Huku kupigwa ukiwa hujui ndiko kugeni.

Picha niliyoiba ni nzuri zaidi. Aliyoitaka yeye ni ile ya kofia. Nikamchapishia, nikampelekea, na tangu siku hiyo nikipita kikombe cha kwanza hakilipiwi. Kwa hivyo kelele, ambayo wengi huiandika upande wa kasoro, mimi naihesabu kuwa ndiyo faida kubwa ya kamera hii kwa anayeanza. Inakulazimisha usalimie. Ningekuwa na ya kimya ningekaa miezi nikipiga migongo ya watu.

Marikiti nako si kila mtu hutaka. Mama mmoja wa bizari aliinua leso usoni kabla sijafika, nikaishusha kamera, nikanunua iliki ya mia. Na Feri, bandarini na popote penye askari, sikuitoa hata siku moja.

Sasa lenzi. Ile 16-50 ni ndogo na inajikunja vizuri, ila zumu yake inaendeshwa na mota. Ukiwasha, inajitoa taratibu, na ukizima inasahau ulipoiacha, inarudi kwenye 16. Kuna hamali alishuka na mkokoteni wa nazi amesimama nyuma kama nahodha, mguu mmoja hewani anafunga breki kwa kandambili. Kamera ilikuwa nimeizima kwa ubahili wa betri. Mpaka lenzi inatoka, keshapita kona. Kosa langu; kiwandani wenyewe wanakadiria picha 360 kwa chaji moja, nilikuwa nabania nini? Siku hizi haizimwi nikiwa njiani, na huchajiwa kwa pawabenki, kwa hiyo stima ikipotea sina wasiwasi.

Mwanga wetu ni mkali. Jua likishapanda, kichochoro kinagawanyika nusu weusi nusu chokaa, na ukiiachia kamera iamue yenyewe, kuta zinaungua, zinatoka nyeupe tupu. Mimi napunguza mwanga kwa hatua moja, tundu la lenzi f/8, kasi 1/250 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, nimeiwekea mpaka wa 3200. Saa zangu ni kumi na mbili na nusu hadi mbili na nusu asubuhi. Mchana nakaa ofisini. Skrini ya nyuma inainuka, unaweza kuishika kamera tumboni ukamtazama mtoto kwa kimo chake, lakini juani huoni kitu. Chungulia kwenye kidirisha chake cha jicho. Kuigusa skrini kwa kidole ni bure, haisikii.

Ofisi yetu ina eisi ya kuumiza mifupa. Ukitoka nayo ghafla saa saba, kioo chote kinapata ukungu. Usikipanguse na leso. Iache ndani ya mkoba dakika kumi na tano izoee joto. Nyumbani inalala kwenye mkebe wa aiskrimu wenye kifuniko cha kubana, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Shemeji yangu alicheka, akauliza kama imekufa. Lenzi yake yeye sasa ina kuvu.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa bei hiyo hiyo, si zaidi. Anayetaka video atafute nyingine, hii haina hata pa kuchomeka maikrofoni. Mimi nilipanga kuiongezea lenzi ya 35 isiyo na zumu mwezi huu, lakini pesa imekwenda kwenye fremu. Ami anataka ile picha ya kofia iwe kubwa, ya ukutani, na ameshapigilia msumari.